Connacht: Timu Ndogo Kati ya Msimu na Msimu

Bwana Mhariri ameniomba nieleze jambo ambalo vijana wa Kidato cha Tatu hawaachi kuniuliza: Connacht ni kitu gani, na kwa nini mwalimu wao wa jiografia huisumbukia zaidi katika miezi ambayo haichezi. Swali lao ni la haki. Nilisoma katika mji wa Galway, magharibi ya Ayalandi, tangu mwaka 2013 hadi 2016, na huko ndiko nilikojifunza mchezo wa raga. Huko pia niliona kwamba timu ndogo huinuliwa au huangushwa wakati uwanja umefungwa na watazamaji wamekwenda zao. Wazee watakaosoma ukurasa huu pamoja na watoto wao watanisamehe nikianza na mambo ya msingi.

Raga ninayoisema huchezwa na watu 15 kila upande, wala si saba kama ile iliyowapa sifa vijana wa Kenya. Mpira una umbo la yai. Hubebwa mikononi, na mtu humpa mwenzake aliye nyuma yake au ubavuni, kamwe si aliye mbele. Mwenye kuugusisha chini nyuma ya mstari wa wapinzani amefunga trai, ambayo ni pointi 5, kisha timu yake hupiga teke la nyongeza la pointi 2. Penalti ni pointi 3. Katika ligi, kushinda ni pointi 4 na sare ni 2. Tena kuna pointi 1 ya nyongeza kwa timu iliyofunga trai nne au zaidi, na 1 kwa timu iliyoshindwa kwa tofauti isiyozidi 7. Msizidharau hizo pointi moja moja. Timu kubwa huziona kama chenji, lakini timu kama Connacht hununulia chakula.

Ayalandi ina majimbo manne ya kale, nayo ni Leinster, Munster, Ulster na Connacht, na kila jimbo lina timu moja ya wachezaji wa kulipwa. Connacht ni magharibi, ambako upepo wa Atlantiki hauna kizuizi. Ndani yake mna wilaya za Galway, Mayo, Roscommon, Sligo na Leitrim. Wakazi wake wote hawafiki laki sita. Leinster, lililo na mji mkuu wa Dublin, lina zaidi ya milioni mbili na nusu. Hesabu hiyo pekee ingetosha, lakini kuna zaidi. Huko magharibi mtoto huzaliwa akikuta mpira wa Kigaeli nyumbani, au mchezo wa magongo uitwao hurling, nayo raga huja baadaye kama ikija. Dublin, kwa upande wake, kuna shule za ada kubwa zinazofundisha raga kwa bidii ile ile tunayofundisha hesabu, na kijana hutoka huko akiwa nusu mchezaji wa taifa. Caelan Doris, aliyefanywa nahodha wa Ayalandi mwaka 2024, ni mtoto wa Mayo. Alipelekwa kusoma Blackrock College, Dublin, na jezi aliyoivaa baada ya shule ilikuwa ya Leinster.

Walimu wa shule za wilayani wanaijua habari hii bila kufika Ayalandi.

Sasa niseme jambo la mwaka 2003, maana bila hilo hamtaelewa kwa nini watu wa Galway huwa na wasiwasi kila kiangazi. Raga ilikuwa imeruhusu malipo tangu mwaka 1995, na Chama cha Raga cha Ayalandi kilikuwa kinabeba mishahara ya timu nne huku fedha zikipungua. Mnamo Januari 2003 likatolewa pendekezo la kuivunja timu ya Connacht, zibaki tatu. Kwa mweka hazina hoja ilikuwa nyepesi: ndiyo ndogo, haijapata kombe lolote, na wachezaji wake bora wangepata nafasi kwingine. Lakini watu wa magharibi hawakukubali. Walifunga safari mpaka Dublin, wakaandamana hadi ofisi za Chama, barabara ya Lansdowne, na kabla mwezi haujaisha pendekezo likawekwa kando. Timu ikabaki, ila ilibaki kama mpangaji aliyekwisha kuonyeshwa mlango. Kwa miaka mingi iliyofuata ilihesabiwa kuwa ni mahali pa kulelea vijana kwa faida ya majimbo mengine.

Msimu uliofuata, wa 2003–04, alianza kuichezea kijana mmoja wa Portumna, mji unaosifika kwa hurling. Jina lake John Muldoon. Mlikumbuke, maana nitalirudia.

Hebu tuangalie kazi yenyewe ya miezi ya katikati. Msimu huisha Mei au Juni na mwingine huanza Septemba. Mikataba mingi humalizika mwisho wa Juni, lakini msidhani kwamba mazungumzo huanza Juni! Kwa kawaida mambo huwa yamekatwa tangu majira ya baridi, miezi sita kabla, hata mchezaji akawa anaicheza nusu ya pili ya msimu huku kila mtu akijua kwamba atahama. Wachezaji wachache walio bora nchini hupewa mkataba na Chama chenyewe, nacho huchukua mzigo wa mishahara yao au sehemu kubwa ya mzigo huo. Katika miaka ya karibuni wengi wa hao walikuwa wa Leinster. Wengine hulipwa kwa mkataba wa jimbo. Hapo ndipo ugumu ulipo: kijana akiwa mzuri sana, timu tajiri ya Uingereza au Ufaransa humwona, au jimbo kubwa la nyumbani humwita, akiwa wa wastani, hubaki. Meneja wa timu ndogo hupaswa basi kupata watu wa namna mbili. Kwanza ni vijana wa chuo cha timu, wenye umri wa miaka kumi na minane hadi ishirini na miwili hivi, ambao hawajajulikana. Pili ni wageni ambao kwao hawakupewa nafasi ya kutosha. Bundee Aki alizaliwa Auckland, Nyuzilandi, akaja Galway mwaka 2014. Baada ya kukaa miaka mitatu akaruhusiwa kuchezea Ayalandi, na mwaka 2023 alikuwa miongoni mwa wachache waliotajwa kugombea tuzo ya mchezaji bora wa dunia. Niyi Adeolokun alizaliwa Ibadan, Nigeria, akakulia Dublin, na Connacht ikamchukua mwaka huo huo wa 2014.

Baada ya mapumziko ya majuma machache wachezaji hurudi kwenye mazoezi. Kwanza ni vyuma na mbio, kazi ya kuchosha isiyo na watazamaji. Kisha huja mpira, na mwisho mechi mbili tatu za kirafiki. Kocha akitaka kubadili namna ya kucheza, hana wakati mwingine. Msimu ukishaanza kuna mechi kila wiki na majeruhi kila wiki, na mtu hufundisha tu yale ya kumvusha Jumamosi ijayo.

Ndivyo alivyofanya Pat Lam. Alikuwa mchezaji wa Samoa, mzaliwa wa Auckland, akashika kazi ya ukocha Connacht mwaka 2013, nami nikafika Galway mwaka huo huo. Mvua ya Galway ni nyingi, na kila mtu aliamini kwamba katika mvua mpira hupigwa teke mbali na kufukuzwa. Yeye aliwafundisha wote, hata wale wanene wa mstari wa mbele, kushika na kupasi kwa mikono miwili, na kuthubutu kuanza shambulio karibu na mstari wao wenyewe. Msimu wa kwanza walimaliza nafasi ya 10 kati ya timu 12. Watu walinung'unika, mimi nikiwa mmojawao, japo raga nilikuwa sijaielewa vizuri. Msimu wa pili wakawa wa 7. Kiangazi cha tatu kikapita, wakarudi, na safari hii wakamaliza wa pili. Wakaishinda Glasgow 16–11 katika nusu fainali pale pale Galway, katika uwanja ambao kwa miaka mingi ulizungukwa na njia ya mbio za mbwa. Tarehe 28 Mei 2016, huko Edinburgh, wakakutana na Leinster yenyewe katika fainali. Matokeo yakawa 20–10. Trai tatu za Connacht zilifungwa na Tiernan O'Halloran, mtoto wa Clifden pwani ya Galway. Na Adeolokun wa Ibadan. Na Matt Healy wa Dublin. Aliyelipokea kombe ni nahodha Muldoon, ambaye alianza kazi mwaka ule ule ambao timu ilikusudiwa kufutwa.

Hadithi nyingi zingeishia hapo, lakini mimi naona somo kubwa zaidi liko katika majuma yaliyofuata. Robbie Henshaw, kijana wa Athlone na mmoja wa nguzo za timu, alihamia Leinster kiangazi hicho hicho. AJ MacGinty, aliyekuwa akipanga mashambulizi, alikwenda Sale, Uingereza. Mwezi Desemba Lam mwenyewe akatangaza kwamba atakwenda Bristol. Bingwa wa Mei 2016 alimaliza msimu uliofuata katika nafasi ya 8. Hakuna aliyefanya hila: mkataba ni mkataba, na mchezaji ana miaka kumi tu ya kujipatia riziki kwa miguu yake. Ila mtu akiuliza kwa nini timu hii haikujenga ufalme baada ya kombe, jibu ni kwamba yaliyojengwa kwa viangazi vitatu yalifunguliwa kwa kimoja.

Baada ya hapo mambo yalikwenda kwa kupanda na kushuka. Mwaka 2018 Muldoon alistaafu baada ya mechi 327. Katika mechi yake ya mwisho waliwafunga Leinster 47–10, naye, ambaye si mpigaji, akapewa teke moja la nyongeza apige, akalipatia. Mwaka 2021 ligi ilipanuliwa ikawa na timu 16, kutoka Ayalandi, Welisi, Uskoti, Italia na Afrika Kusini, na timu nane za kwanza huingia robo fainali. Mwaka 2023 Connacht ilifika nusu fainali, ikashindwa huko Cape Town. Msimu wa 2024–25 haikuingia hata katika nane, na kocha wake akaondoka kabla msimu haujaisha.

Kiangazi cha 2025 kililetwa mtu ambaye walimu wenzangu watapenda kumsikia. Stuart Lancaster alianza maisha yake ya kazi akiwa mwalimu wa mazoezi ya viungo katika shule moja ya Wakefield, Uingereza. Alipanda mpaka kuwa kocha wa timu ya taifa ya Uingereza. Mwaka 2015 timu hiyo ilitolewa katika makundi ya Kombe la Dunia ikiwa mwenyeji, akapoteza kazi. Mwaka uliofuata akaingia Leinster kama msaidizi, na mwaka 2018 Leinster ikatwaa ubingwa wa Ulaya. Watu hupenda kuajiri makocha wasiowahi kuanguka; mimi naona huyu aliyeanguka mbele ya nchi nzima, akarudi kufundisha, ndiye afaaye mahali kama Galway. Alikuta shida moja ya ajabu: Aki, Mack Hansen na Finlay Bealham walikuwa wamechaguliwa kwenda Australia na Simba wa Uingereza na Ayalandi. Ni heshima kubwa kwa timu ndogo kutoa watatu, lakini waliokwenda safari hiyo ndio waliokosekana katika mazoezi ya kwanza ya kocha mpya.

Basi matumaini ya timu hii yapimwe vipi? Nionavyo mimi, si kwa kombe. Kuingia nane bora ni mwaka mwema, na timu nane hizo ndizo kwa kawaida zinazopata nafasi ya kushindana na mabingwa wa Ulaya, jambo linaloleta mapato na kumfanya kijana asitamani kuhama. Mambo matatu nayatazama kabla ya Septemba: waliohama ni wa umri gani, maana akiondoka mwenye miaka thelathini na mitatu si sawa na kuondoka mwenye ishirini na mitatu, vijana wangapi wa chuo wamepandishwa kikosi kikubwa, na kama mtindo wa mchezo ni ule wa mwaka jana au umeanzwa upya. Kocha akianza upya, nampa misimu mitatu kabla ya kumlaumu, kwa kuwa nimeiona hesabu hiyo kwa macho yangu. Uwanja nao umekuwa ukijengwa upya kwa msaada mkubwa wa serikali, wala serikali haijengi jukwaa la maelfu ya watu kwa timu inayokusudiwa kufutwa.

Msimu ukianza nitabandika msimamo wa ligi kila Jumatatu kwenye ubao ulio nje ya chumba cha jiografia. Atakayependa kuujaza pamoja nami aje na kalamu na rula, na ajue kwanza kuzihesabu zile pointi za nyongeza.