MGAGANI: USIMWAGE UZIMA PAMOJA NA MAJI

Wako wakulima wengi katika mashamba ya skimu ambao hung'oa mgagani katikati ya mahindi na kuutupa kama magugu, kisha siku ya soko huenda kununua kabeji. Yafaa wajue ni kitu gani wanachokitupa.

Mboga hii ndiyo Wakisii huiita chinsaga, Waluo dek, Waluhya tsisaka na Wakalenjin saget. Wazee walimpikia mama aliyejifungua ili apate nguvu, wala hawakuichagua bure. Gramu 100 za majani mabichi zina zaidi ya miligramu 100 za vitamini C, na zaidi ya miligramu 200 za kalisi ijengayo mifupa na meno. Mna pia madini ya chuma, na karotini ambayo mwili huigeuza kuwa vitamini A ya kulinda macho.

Vitamini C na karotini zina kazi nyingine. Huzilinda chembe za mwili zisiharibike, kama vile rangi ilindavyo bati lisishikwe na kutu. Wataalamu huviita vitu hivyo antioksidanti.

Lakini vitamini C huyeyuka katika maji na huharibiwa na moto. Mama achemshaye mgagani mara mbili tatu na kumwaga maji ili kuondoa uchungu, humwaga uzima huo pia. Basi afanye hivi:

1. Aoshe majani kabla ya kuyakata.
2. Achanganye na kunde au mchicha, uchungu upungue.
3. Apike kwa maji machache, kwa muda mfupi, sufuria ikiwa imefunikwa.
4. Atie maziwa au mafuta kidogo, maana mafuta huisaidia karotini kuingia mwilini.

Kwa hiyo, Bwana mkulima, usiyauze maziwa yote. Bakiza kikombe cha mboga.

Panda mbegu juu juu, katika udongo wenye samadi, mistari iachane sentimeta 30. Mbegu mpya hazioti vizuri. Ziweke miezi kadhaa kwanza. Baada ya majuma 4 hadi 6 utaanza kuchuma. Kata ncha na maua ili mmea utoe matawi. Usichume po pote palipopigwa dawa karibuni.

Tena kumbuka, mgagani ni chakula. Mama aliyepungukiwa na damu apelekwe hospitali upesi. Mboga itamngoja nyumbani.