Je, Wajua? Mshale na Risasi Huanguka Sawasawa

Kila kinachorushwa huanza kuanguka papo hapo: katika nusu sekunde kimeshuka takriban mita 1.2 chini ya mstari kilikoelekezwa. Ndani ya muda huo risasi ya bunduki ya kuwindia imepita mita 300, na mshale kama mita 20 tu. Anayekosea umbali hukosa mnyama, au, vibaya zaidi, humjeruhi.

Wilayani Mbulu, Wahadzabe wa Bonde la Yaeda hulimaliza tatizo hilo kwa miguu. Badala ya kurefusha shabaha, hunyatia. Kiangazi humvizia mnyama usiku penye maji. Mtoto wa kiume hupata upinde mdogo angali na miaka michache, akalenga ndege na panya mpaka jicho lizoee. Upinde wa mtu mzima si mchezo: kuuvuta ni kama kuinua kilo 30. Kwa wanyama wakubwa ncha hupakwa utomvu wa sumu wa waridi la jangwa, kisha mwindaji husubiri na kufuata nyayo.

Mwenye bunduki naye, kabla ya kulenga, anatakiwa kuwa na leseni chini ya Sheria ya Uhifadhi wa Wanyamapori ya mwaka 2009.