Ulimi Hufunguka Barazani: Vijana Wetu na Lugha ya Kihispania

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, kijana mmoja wa mtaani kwetu hapa Mji Mkongwe alibaki msikitini hali watu wamekwisha kutawanyika. Kazi yake ni kutembeza wageni, na kwa muda wa miaka miwili amekuwa akijifunza Kihispania. Tulimwuliza masomo yanaendeleaje. Akajibu kwa sauti ya chini: "Ustadh, nadhani lugha ile si fungu langu. Nataka kuiacha."

Jibu hilo lilitushangaza. Kijana huyo amemaliza vitabu vyote vya masomo ya awali. Anajua kunyambua vitenzi, na hotuba yake kuhusu Beit al-Ajaib, tangu ilipojengwa na Sultan Barghash mwaka 1883, huitoa kwa Kihispania bila kusita. Kumbe taabu yake ilianza pale hotuba inapokwisha. Mama mmoja kutoka Hispania alimwuliza swali dogo tu: jengo hili lilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020, wewe ulikuwa wapi? Kijana akababaika, maana swali lile halikuwamo katika hotuba.

Jioni ya siku hiyo hiyo alitaka kuwaambia wageni wake kwamba amechoka, "estoy cansado". Ulimi ukaruka herufi moja, akasema "estoy casado", yaani "nimeoa". Wageni wakampa hongera kwa furaha. Watembezaji wenziwe waliokuwa karibu wakaangua kicheko, na tangu siku hiyo wakamwita Bwana Harusi. Zikapita wiki kadhaa asiseme neno la Kihispania ila ile hotuba aliyoihifadhi. Wageni wa lugha hiyo akawa anawaachia wengine, na riziki ya nyumba yake, anamoishi na mama yake na wadogo zake watatu, ikapungua.

Tumeona tuliandike jambo hili katika kurasa za familia kwa sababu halimhusu kijana mmoja peke yake. Vijana wetu wengi wanasoma lugha za wageni, na wengi hukwama mahali pale pale. Nasi hatukuwa na haki ya kumlaumu. Chuoni tulisoma nahau na sarfu ya Kiarabu kwa miaka mingi, tukaweza kueleza hukumu ya kila neno ndani ya sentensi. Lakini siku tuliposimamishwa na mgeni Mwarabu akatuuliza njia ya kwenda bandarini, tulitafuta maneno kama mtu atafutaye sindano gizani. Mwishowe tulimwonesha njia kwa kidole.

Daraja la kati na mtego wake

Walimu wa lugha za Ulaya hugawa ujuzi wa mwanafunzi katika ngazi sita, kuanzia A1 hadi C2. Taasisi ya Instituto Cervantes, iliyoanzishwa na Hispania mwaka 1991, hutumia ngazi hizo katika mitihani yake ya DELE. Daraja la kati ni B1 na B2. Mwenye kufika hapo anategemewa aweze kusimulia yaliyompata, kueleza rai yake na kujibu asilolitarajia.

Hapo ndipo penye mtego. Katika ngazi za mwanzo mwanafunzi huona kila somo likimzidishia kitu. Katika daraja la kati elimu yake hutangulia na ulimi wake hubaki nyuma. Akiona hivyo hudhani amepungukiwa maneno, naye hununua kitabu kingine. Mtungi umejaa maji, naye anazidi kumimina, ilhali anachokosa ni kata ya kutekea. Kata hiyo ni mazungumzo: kusema mara nyingi, kukosea, kusahihishwa na kusema tena.

Lugha za watu na dini yetu

Wapo wazazi wanaouliza kama kuna faida yoyote kwa kijana wa Kiislamu kujisumbua na lugha hii. Tunawakumbusha kwamba Qur'an, katika Surat Ar-Rum aya ya 22, inazitaja tofauti za lugha zetu kuwa miongoni mwa ishara za Mwenyezi Mungu. Na Mtume wetu (S.A.W.) alimwagiza Zayd bin Thabit (R.A.) ajifunze maandishi ya Mayahudi, naye akayajua kwa muda mfupi, akawa anamsomea Mtume barua zao na kumwandikia majibu. Kwa hiyo kujifunza lugha kwa haja ya halali ni njia iliyokwisha kupitwa na watu wema.

Kihispania, zaidi ya hayo, kina ujamaa nasi. Waislamu walikaa Andalusia kuanzia mwaka 711 hadi ulipoanguka mji wa Granada mwaka 1492, na lugha ya nchi ile ilibaki na alama zao. Sukari kwao ni "azúcar", zafarani ni "azafrán", zeituni ni "aceituna". Neno lao "hasta" ni ndugu wa "hata" yetu. Yote mawili asili yake ni Kiarabu. Na Mhispania atakapo kutamani jambo husema "ojalá", neno lililotokana na Kiarabu cha Andalusia, ambalo ndani yake limebeba kutajwa kwa matakwa ya Allah. Leo lugha hiyo ni rasmi katika nchi 20, mojawapo ikiwa Guinea ya Ikweta barani kwetu, na wanaozaliwa nayo ni zaidi ya watu milioni 400.

Mswahili haanzi mikono mitupu

Kijana wetu alikuwa akiiona lugha ile kama mlima. Tulipokaa naye tukamwonesha kwamba nusu ya mlima ule ameshaupanda tangu utotoni bila kujua. Irabu zao ni tano kama zetu. Herufi yao "ñ" ni "ny" ya nyanya, "j" hukaribia "kh" ya kheri, na "z" kwa Wahispania walio wengi ni "th" ya thamani. Aliyesomeshwa makharija madrasani hapati taabu hapo.

Katika sarufi pia tuna mtaji. Wanafunzi wa mataifa mengine husumbuliwa sana na umbo la kitenzi litumikalo kwa matakwa na maombi. Sisi tunalo. Tusemapo "nataka uje", hatusemi "nataka unakuja". Kitenzi hubadilika mwisho wake. Nao husema "quiero que vengas" kwa mantiki hiyo hiyo. Aidha tunatenganisha "Asha ni mwalimu" na "Asha yuko nyumbani", nao wanatenganisha "Asha es maestra" na "Asha está en casa".

Hata lile swali la Beit al-Ajaib jibu lake lilikuwamo kinywani mwa kijana. Kwa Kiswahili angesema: "Nilikuwa nyumbani niliposikia habari." Kuna hali iliyokuwa ikiendelea, na kuna tukio lililoikata. Kihispania hutumia nyakati mbili kwa mambo hayo mawili: "Estaba en casa cuando oí la noticia." Alipoiona sentensi hiyo alicheka mwenyewe, akasema: "Ustadh, mbona haya yote nayajua!"

Iko mitego pia, na yafaa itajwe. Mwenye kuchanganya "r" na "l" atambue kwamba "pero" ni "lakini", "pelo" ni "nywele", na "perro" yenye "r" ya kutetemesha ni "mbwa". Na saa zetu si saa zao. Saa tatu ya asubuhi kwetu, kwao ni "las nueve", saa ya tisa. Mtembezaji atakayefasiri "tatu" kwa "tres" atawangoja wageni asubuhi, nao watafika alasiri.

Baraza ya Kihispania

Kamati ya msikiti ilikubali kutoa baraza ya madrasa kwa nusu saa baada ya Isha, siku tatu kwa wiki. Mzee mmoja aliyetembeza wageni wa Kihispania kwa miaka mingi alikubali kuwasimamia vijana. Wakawekewa kanuni nne, ambazo tunaona zinafaa kwa lugha yoyote.

Ya kwanza, hakuna kumcheka mwenye kukosea wala kumpa lakabu. Atakayevunja kanuni hii husimama yeye azungumze dakika tano mfululizo. Kanuni hii haijavunjwa mara nyingi.

Ya pili, kila mmoja husimulia jambo moja mara tatu, kila mara kwa msikilizaji mwingine: kwanza kwa dakika 4, kisha 3, kisha 2. Mbinu hii inajulikana kwa walimu wa lugha. Mara ya kwanza msemaji hutafuta maneno, mara ya pili huyakumbuka, mara ya tatu huja yenyewe. Aliyezoea murajaa ya Qur'an ataifahamu hekima yake: kinachorudiwa ndicho kinachokaa.

Ya tatu, ni marufuku kunyamaza au kukimbilia Kiswahili neno linapokosekana. Msemaji ajipatie muda kwa maneno madogo wanayoyatumia wenyewe, kama "pues", au "o sea" ambayo ni "yaani" yetu, au "a ver", tuseme "hebu tuone". Kisha alizunguke neno. Kijana mmoja alikuwa akieleza ziara ya mashamba ya viungo. Mdalasini, "canela", alikuwa nao. Tangawizi, "jengibre", pia. Lakini jina la mbuzi ya kukunia nazi hakulijua. Akasema ni kiti kidogo chenye chuma cha kukunia nazi, na wote wakamfahamu. Huo ndio ufasaha unaotakiwa katika daraja hili. Na asiyesikia vizuri aombe bila haya: "¿Me lo puede repetir, por favor?"

Ya nne, asikatwe mtu katikati ya maneno yake. Msimamizi huandika makosa, na mwisho humpa kila mmoja matatu tu ya kwenda nayo nyumbani. Makosa kumi hayabebeki, matatu hubebeka.

Kazi ya nyumbani

Sehemu kubwa, hata hivyo, iko mikononi mwa familia. Mama wa kijana tuliyemtaja hajui neno la Kihispania. Lakini kila jioni, akiwa anachagua mchele, humwita mwanawe amweleze kwa lugha hiyo alivyoshinda siku yake. Yeye husikiliza tu, na mwisho humwuliza kwa Kiswahili: "Umekwisha, mwanangu? Sasa nieleze nami nifahamu." Hakuna mwalimu tuliyemwona aliyempa kijana huyo msaada mkubwa kuliko huo. Mzazi asidhani kwamba kwa kutojua lugha hana la kufanya. Mtoto anahitaji sikio lisilomdharau.

Wazazi wengine hutuuliza juu ya nyimbo na filamu, ambazo wengi huzipendekeza kwa wanafunzi wa lugha. Tunasema: yako mengine ya kusikiliza. Redio ya taifa ya Hispania husikika kwa intaneti. Yako mapishi, habari na matangazo ya mpira, na vijana wetu wanaofuatilia mechi za Barcelona na Real Madrid hawahitaji kuhimizwa. Achague dakika mbili za sauti, asikilize, kisha aifuatishe neno kwa neno kama tulivyofuatisha sauti ya mwalimu madrasani, mpaka lafudhi ikae.

Mabinti nao wasisahauliwe. Wamepangiwa wakati wao mchana, na dada mmoja mwenye ujuzi huo ndiye anayewasimamia. Na kwa wale wanaotafuta mtu wa kuzungumza naye kwa simu au intaneti, mzazi ajue ni nani na wanazungumza nini. Lugha ni mlango, na mlango huwekewa mlinzi.

Adhana ya Alasiri

Hatudai kwamba vijana wetu wamekuwa mabingwa. Baada ya miezi mitano bado wanateleza. Lakini hivi karibuni kijana wetu alikuwa na wageni karibu na msikiti, na adhana ya Alasiri ikaanza. Bwana mmoja mtu mzima akamwuliza yule muadhini anasema nini. Zamani angetabasamu akapita. Safari hii alisimama akajibu kwamba anasema Mungu ni mkubwa, "o sea", ni mkubwa kuliko vyote, na kwamba anawaita watu waje kusali na waje kwenye kufaulu. Neno la "kufaulu" halikumjia, akalizunguka. Mgeni akauliza jingine, naye akajibu, hadi muadhini akamaliza.

"Nilikosea mara mbili, Ustadh," alitueleza usiku ule. "Lakini walinifahamu."

Ndugu zetu, tujiulize ni vijana wangapi majumbani mwetu wana jibu la swali kama lile, wakalimeza kwa kuogopa kicheko chetu. Nabii Musa (A.S.) naye alimwomba Mola wake amfungulie fundo la ulimi apate kufahamika, na hakuna aliyemwona mpungufu kwa ombi hilo. Jioni ya leo mwite mwanao, mpe dakika kumi, mwambie azungumze lugha anayoisoma, nawe usicheke. Mwenyezi Mungu azifungue ndimi za watoto wetu kwa yaliyo ya kheri. Amin.