Mwamba, Zamu ya Usiku na Ujauzito

Mwanamke anayekwea miamba anapopata mimba, swali la kwanza analoulizwa na ndugu, majirani na hata baadhi ya wahudumu wa afya ni lini ataacha kukwea. Ni mara chache anaulizwa ana zamu ngapi za usiku kwa wiki, ni nani anayeendesha gari baada ya zamu hizo, au kundi lake la damu ni lipi. Kwa mwanamke anayefanya kazi ya dharura, maswali haya yaliyosahauliwa ndiyo yanayostahili kutangulia.

Wachukuliwe mke na mume wa mfano, ambao hali yao inafanana na ya wengi. Mke ni muuguzi katika idara ya dharura jijini Nairobi. Mume ni mhudumu wa ambulensi. Zamu zao hazilingani, na siku chache wanazopumzika pamoja huzitumia kukwea miamba katika hifadhi ya Hell's Gate, karibu na Naivasha, kiasi cha kilomita 90 kutoka jijini. Mimba, ambayo ni ya kwanza, sasa ina wiki 10. Wanataka kujua waendelee na lipi na waache lipi.

Mwambani

Hadi wiki ya 12 hivi, mji wa mimba huwa umejificha ndani ya mifupa ya nyonga, na pigo la kawaida tumboni halimfikii mtoto kwa urahisi. Baada ya hapo hupanda juu, na kufikia wiki ya 20 huwa umefika usawa wa kitovu, ukiwa hauna tena ngao ya mfupa. Wakati huohuo kano za viungo hulegea na uzito wa mwili husogea mbele, hivi kwamba mkweaji hodari hujikuta akikosea hatua ambayo mwaka uliopita aliipiga bila kufikiri.

Ni muhimu kusema jambo moja mapema, kwa sababu kulikalia kimya huwaumiza wengi. Mimba nyingi zinazoharibika katika miezi mitatu ya kwanza huharibika kwa sababu ya kasoro za kromosomu, zilizokuwapo tangu mwanzo. Mwanamke aliyekwea Jumamosi na mimba ikatoka Jumatano hana sababu ya kuambiwa, wala kujiambia, kwamba mwamba ndio ulioitoa.

Mazoezi yenyewe hayamdhuru mjamzito mwenye afya njema. Shirika la Afya Duniani hupendekeza angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kila wiki, isipokuwa pale penye kizuizi cha kitabibu, kama vile kutokwa damu, kondo la nyuma lililoziba njia, shingo ya kizazi iliyolegea au shinikizo la damu la ujauzito. Hatari ya mchezo huu iko katika kuanguka, na ndiyo maana miongozo mingi ya uzazi humshauri mjamzito kuepuka michezo ya namna hii. Kwa mwanamke ambaye hajawahi kukwea, ujauzito si wakati wa kuanza. Kwa mkweaji mzoefu, mshauri anapaswa kujua kwanza anakwea kwa namna gani, maana namna hizo hazilingani kwa hatari.

Katika namna moja kamba imekwisha kufungwa juu ya mwamba. Mkweaji akiteleza hushuka kidogo tu kabla kamba haijamshika. Katika nyingine mkweaji hutangulia, akiipachika kamba kwenye vyuma kadiri anavyopanda. Huyu akiteleza huanguka zaidi ya mara mbili ya umbali uliopo kati yake na chuma cha mwisho, na mara nyingi hujigonga mwambani. Kutangulia, pamoja na kukwea bila kamba kwenye mawe mafupi na kuruka chini, kuachwe mapema, hata kabla tumbo halijaonekana. Kukwea kwa kamba ya juu, kwenye njia nyepesi anazozijua, kunaweza kuzungumzwa na daktari au mkunga wake, mradi mkanda wa kiunoni ubadilishwe mara tumbo linapoanza kuchomoza. Mkanda unaofaa ni ule wa mwili mzima, unaopita mabegani na mapajani na kuliacha tumbo huru.

Wanandoa wengi hufikia suluhu ambayo huonekana ya busara: mke aache kukwea, abaki chini kumshikia mumewe kamba. Hapa kuna mtego. Mume aliyetangulia akianguka, anayeshika kamba hunyanyuliwa ghafla kutoka ardhini na kuvutwa kuelekea mwambani, hasa akiwa mwepesi kuliko anayeanguka, na nguvu hiyo yote hupitia kwenye mkanda uliofungwa kiunoni. Mjamzito anayeshika kamba ya mtu anayetangulia hajaondoka hatarini. Amebadilisha nafasi tu. Kazi hiyo apewe mtu wa tatu. Isitoshe, chini ya mwamba ndipo mawe huangukia, na kofia ngumu huvaliwa hata na asiyekwea.

Mwinuko nao hutajwa sana, mara nyingine bila sababu. Naivasha ipo karibu mita 1,900 juu ya usawa wa bahari. Kwa mkazi wa Nairobi, jiji lililo karibu mita 1,700, tofauti hiyo si kitu. Kilimanjaro ni habari nyingine. Mandara, kituo cha kwanza cha kulala katika njia ya Marangu, kiko mita 2,700 hivi, na Horombo kinachofuata kiko mita 3,700 hivi. Mjamzito asiyezoea miinuko hashauriwi kulala juu ya takriban mita 2,500, na asetazolamaidi, dawa ambayo wapanda mlima wengi hubeba, huepukwa katika miezi mitatu ya kwanza.

Wapo watakaomtaja Alison Hargreaves, Mwingereza aliyeupanda ukuta wa kaskazini wa Eiger, Uswisi, mwaka 1988 akiwa na mimba ya karibu miezi sita, na akajifungua mtoto mzima. Habari hiyo ni ya kweli. Inaonyesha kwamba jambo hilo liliwezekana kwa mmoja wa wapanda milima bora wa zama zake. Haimwambii daktari ampe nini muuguzi aliyetoka zamu ya saa 12.

Njiani

Ajali za barabarani ni miongoni mwa sababu kuu za majeraha makubwa kwa wajawazito, na safari ya Naivasha hushuka kwenye ukingo wa Bonde la Ufa pamoja na malori mazito. Wanandoa hawa wamezoea kuondoka alfajiri, mmoja wao akiwa ametoka kazini usiku huo. Majaribio yameonyesha kwamba mtu aliyekaa macho saa 17 mfululizo hupungukiwa wepesi na umakini kwa kiasi kinachokaribia cha mtu mwenye kileo cha asilimia 0.05 katika damu. Ikiwa kuna jambo moja tu la kuwakataza, basi ni safari hii ya alfajiri. Aliyetoka zamu alale kwanza, mwamba hauhami.

Mkanda wa gari huvaliwa hadi siku ya kujifungua. Sehemu ya chini ipite chini ya tumbo, juu ya mifupa ya nyonga. Ya juu ipite katikati ya matiti na pembeni mwa tumbo. Imani kwamba mkanda humbana mtoto imewagharimu akina mama na watoto wao uhai. Onyo hili linawahusu pia wahudumu wanaosafiri nyuma ya ambulensi wakiwa wamesimama kumhudumia mgonjwa.

Kazini

Utafiti mkubwa uliofanyika Denmark na kuchapishwa mwaka 2019 uliwafuatilia zaidi ya wanawake 22,000, wengi wao wakiwa wafanyakazi wa hospitali. Baada ya wiki ya 8 ya mimba, waliofanya zamu mbili au zaidi za usiku katika wiki moja walikuwa na uwezekano wa mimba kuharibika wiki iliyofuata uliozidi wa wenzao kwa takriban asilimia 32. Utafiti wa namna hiyo hauthibitishi chanzo, na kwa mwanamke mmoja mmoja ongezeko hilo ni dogo. Hata hivyo linatosha kumfanya msimamizi wa wauguzi aiangalie upya ratiba, na tiba yake haigharimu dawa yoyote: zamu moja ya usiku kwa wiki badala ya tatu.

Tanzania imeliweka jambo hili katika sheria. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inazuia mjamzito kufanya kazi usiku katika miezi miwili ya mwisho kabla ya tarehe anayotarajia kujifungua, na hata kabla ya hapo akiwa na cheti cha daktari kwamba hawezi tena kazi ya usiku. Wajawazito wengi wa idara za dharura hawaombi cheti hicho kwa kuona haya mbele ya wenzao, na madaktari wengi hawakiandiki mpaka waombwe. Mhudumu wa kliniki asingoje kuombwa.

Kuhusu eksirei hofu imezidi kipimo. Kikomo kinachopendekezwa kimataifa kwa mtoto tumboni ni milisivati 1 kwa kipindi chote kilichobaki cha ujauzito wa mfanyakazi, na anayesimama mita mbili nyuma, au aliyevaa vazi la risasi, hupokea sehemu ndogo mno ya kiasi hicho. Wanaostahili hofu zaidi ni virusi na mikono ya watu. Chanjo za rubela na tetekuwanga hutolewa kabla ya mimba, kwa kuwa zina virusi hai. Ile ya homa ya ini aina ya B inaweza kutolewa hata wakati wa ujauzito. Akichomwa na sindano, mjamzito hupewa dawa za kinga dhidi ya VVU mapema iwezekanavyo, ndani ya saa 72, kama mtu mwingine. Mlipuko wa Marburg kama ule uliotokea mkoani Kagera mwaka 2023 ukizuka, asipangwe kuwahudumia wagonjwa hao hata kidogo. Wala asiwe yeye wa kumshika mgonjwa aliyechanganyikiwa anayerusha mateke. Hiyo ndiyo anguko la mwambani katika sura ya kazini, nayo hutokea bila kamba.

Akianguka

Sehemu hii inawahusu zaidi wahudumu wa afya. Mjamzito ana damu iliyoongezeka kwa asilimia 40 hadi 50, kwa hiyo anaweza kupoteza damu nyingi kabla mapigo ya moyo na shinikizo havijabadilika. Wa kwanza kuumia kimyakimya ni mtoto. Mama atibiwe kwanza. Kuanzia wiki ya 20 asilazwe chali bapa, bali aelekezwe ubavu wa kushoto, au mji wa mimba usukumwe kwa mkono kuelekea kushoto ili usikandamize mishipa mikubwa. Picha ya eksirei inayohitajika isiahirishwe kwa sababu ya mimba.

Kondo la nyuma linaweza kubanduka baada ya pigo linaloonekana dogo, na dalili zikachelewa kwa saa kadhaa. Kwa mimba iliyofikia umri ambao mtoto anaweza kuishi nje, mapigo yake ya moyo pamoja na mikazo ya mji wa mimba hufuatiliwa kwa angalau saa 4. Kukiwa na damu, maumivu ya tumbo au mikazo ya mara kwa mara, ufuatiliaji hurefushwa hadi saa 24. Kusikiliza mapigo mara moja na kumruhusu mama aende hakutoshi, hata akiwa mwenyewe ni muuguzi anayesisitiza kwamba yu mzima.

Ndipo kundi la damu linapokuwa na maana. Mama mwenye Rh hasi aliyepigwa tumboni anahitaji sindano ya anti-D ndani ya saa 72, isije miili yake ya kinga ikajifunza kuishambulia damu ya mtoto huyu na ya watakaofuata. Wenye Rh hasi ni wachache Afrika Mashariki, na kwa sababu hiyohiyo dawa hii haipatikani kila mahali. Wanandoa hawa wajue kundi lake leo, na kama ni hasi wajue pia ni hospitali gani inayo dawa hiyo, kabla hawajafikiria kwenda popote.

Mume na likizo

Mume hubeba mimba kwa ratiba yake. Kuanzia wiki ya 36 asiwe mahali pasipo mtandao wa simu wala mbali kiasi cha kushindwa kufika kwa saa chache, na akiwa zamu, awepo mwenzake aliyekubali kumpokea mgonjwa wake simu ikipigwa. Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 inampa baba likizo ya wiki mbili, na mama miezi mitatu. Tanzania mama hupata siku 84, au 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja. Baba hupata angalau siku 3, ambazo kwa mke aliyejifungua kwa upasuaji huisha kabla hajaweza kuinuka kitandani bila msaada. Siku za likizo ya mwaka ambazo wangezitumia kwa safari ya miamba zitunzwe kwa ajili ya wakati huo.

Kurudi mwambani hakuna tarehe moja. Misuli ya sakafu ya nyonga, au kovu la upasuaji, ndiyo huamua, na ni vyema kusubiri miezi mitatu hivi kabla ya mazoezi mazito, kisha kuanza na kamba ya juu. Maziwa yaliyokamuliwa hukaa saa 4 katika joto la kawaida la chumba lisilozidi nyuzi 25, lakini jua la Naivasha si joto la chumba, hivyo chombo chenye barafu kibebwe. Mtoto alazwe mbali na ukuta, nje ya eneo ambalo mawe huangukia. Na kwa kuwa kila anayekwea anahitaji wa kumshikia kamba, wazazi wawili wakiwa kazini mwambani hakuna wa kumshika mtoto. Safari za familia hii, kuanzia sasa, ni za watu wazima watatu.