Kusoma Nje: Nani Anaongoza, na kwa Hesabu Gani?

Kijana wa kijiji cha Bashay akipata chuo huagwa kama msafiri wa mbali, hata kama aendako ni Dodoma tu. Takwimu za UNESCO hazimjali huyo. Zinamhesabu aliyevuka mpaka wa nchi kufuata shahada. Mwaka 2000 wa namna hiyo walikuwa milioni 2 hivi duniani kote. Kufikia 2022 walikaribia milioni 7. Vinara wao ni hawa.

Wengi kuliko wote: China. Wachina wanaosoma nje wanapita milioni 1. India inawafuata mbio, na huko Marekani imeshawapita: mwaka wa masomo 2023/24 Wahindi walikuwa 331,602, Wachina 277,398. Hata hivyo, China ina wanafunzi wa elimu ya juu zaidi ya milioni 50, hivyo waliotoka ni kama 2 tu katika kila 100.

Fungu kubwa: Luxembourg. Kwa hesabu ya mafungu, China haionekani. Nchi hii tajiri ya Ulaya, ndogo kuliko Wilaya ya Hanang, takriban robo tatu ya wanafunzi wake wako nje, wengi wao katika nchi jirani za Ujerumani, Ufaransa na Ubelgiji. Chuo kikuu chake kilianzishwa 2003.

Mwenyeji asiyetoka: Marekani. Mwaka 2023/24 ilikuwa na wanafunzi wa kigeni 1,126,690, idadi kubwa kuliko nchi yoyote. Wamarekani wenyewe wanaofuata shahada nje hawafiki 1 kati ya 100. Vyuo vimejaa kwao, waende wapi?

Asilimia 100: Tanganyika. Hata Luxembourg haitufikii. Kabla ya chuo cha Dar es Salaam kufunguliwa Oktoba 1961, Mtanganyika aliyetaka kuketi darasani chuo kikuu hakuwa na budi kuvuka mpaka. Wengi walikwenda Makerere, Uganda. Julius Nyerere alipita hapo, kisha akasoma Chuo Kikuu cha Edinburgh, Uingereza, kuanzia 1949 hadi 1952.

Msafara mkubwa: Kenya. Mwaka 1959 mwanasiasa Tom Mboya alifanikisha safari ya ndege iliyopeleka wanafunzi 81 Marekani. Kufikia 1963 walikuwa wamekaribia 800, wakiwamo vijana wa nchi jirani. Kwao pia nafasi za chuo zilikuwa finyu, na taifa lililokaribia uhuru lilihitaji wasomi haraka.

Wenye mbio zaidi: Tanzania. Gidamis Shahanga, mzaliwa wa Katesh, Hanang, alitwaa dhahabu ya marathoni ya Michezo ya Jumuiya ya Madola mwaka 1978 huko Edmonton, Kanada. Baadaye alijiunga na Chuo Kikuu cha Texas, El Paso, Marekani, kama walivyofanya wanariadha wenzake Filbert Bayi wa Karatu na Suleiman Nyambui wa Musoma. Mwaka 1982, katika michezo hiyohiyo huko Brisbane, Australia, Shahanga akaongeza dhahabu ya mita 10,000. Walipoondoka, Dar es Salaam ilikuwa tayari na chuo kikuu, kwa hiyo hawa hawakusukumwa na kukosekana kwa chuo nyumbani. Walivutwa na ufadhili wa riadha: miguu ndiyo iliyowalipia ada.