Sauti Zisizo na Maneno: Santuri ya Rick Wakeman juu ya Wake Sita wa Mfalme Henry VIII

Wanazuoni wa lugha wamezoea kuuliza neno fulani lina maana gani. Ni nadra kuulizwa swali la pili, yaani ni jambo gani litokealo pale sauti zisizo na neno hata moja zinapopewa jina la mtu, kisha zikatolewa kwa wasikilizaji kana kwamba ni habari zake. Mfano bora wa jambo hili ni santuri iitwayo The Six Wives of Henry VIII, maana yake Wake Sita wa Henry wa Nane, iliyotungwa na mpiga vinanda Mwingereza Rick Wakeman na kutolewa na kampuni ya A&M mwezi wa Januari 1973. Ndani yake mna vipande sita, na kila kipande kimepewa jina la mke mmoja wa mfalme huyo. Sauti za waimbaji wanawake husikika mahali pachache, lakini nazo hazitamki neno. Habari zote zimeachiwa ala.

Kwa Mswahili swali hili lina uzito wake. Neno wimbo latokana na kitenzi kuimba, na mtu akisema kwamba amesikia wimbo mpya, aghalabu huulizwa kwanza, “Wasemaje?” Si kwamba muziki usio na maneno haujulikani pwani. Taarabu ya Unguja inayo bashrafu, ipigwayo na ala tupu bila ya mwimbaji, na mara nyingi ndiyo ifunguayo shughuli kabla ya nyimbo zenye mashairi. Lakini bashrafu hutambulikana kwa maqamu yake. Haidai kusimulia maisha ya mtu aliyekufa. Santuri ya Wakeman yadai hivyo, na ndiyo sababu yafaa ipimwe kwa mizani ya wataalamu wa lugha.

Kwanza yampasa msomaji amjue mtungaji. Wakeman alizaliwa London mwaka 1949, akafundishwa piano tangu utoto, na mwaka 1968 akaingia Royal College of Music. Hakumaliza masomo yake huko, kwa kuwa kazi ya kupiga katika studio za London ilimvuta. Yeye ndiye aliyepiga piano katika wimbo wa David Bowie uitwao Life on Mars?, uliotoka mwaka 1971. Mwaka huohuo alitoka katika kundi la Strawbs na kuingia katika kundi la Yes. Yes lilikuwa miongoni mwa makundi yaliyopiga aina ya roki ambayo kwa Kiswahili yaweza kuitwa roki ya kimaendeleo. Wapigaji wake hawakuridhika na wimbo wa dakika tatu wenye kiitikio. Walichukua mbinu za muziki wa kanisa, wa jazi na wa watungaji wakubwa wa Ulaya, wakatunga vipande virefu vyenye sehemu nyingi na mapigo yanayobadilika.

Mwaka 1972, akiwa safarini Marekani pamoja na Yes, Wakeman alisoma kitabu juu ya maisha ya Henry VIII na wakeze. Hapo akapata kamba ya kuzifunga pamoja tungo ambazo nyingine alikuwa nazo tayari. Jambo hili ni la maana sana kwa hoja inayofuata. Kipande kilichokuja kuitwa “Catherine of Aragon” kilikusudiwa kwanza kuingia katika santuri ya Yes iitwayo Fragile, ya mwaka 1971, tena kwa jina jingine kabisa, lakini mambo ya mikataba ya kampuni yakazuia. Kwa hiyo sauti zilitangulia, na malkia akaja baadaye. Wakeman mwenyewe hakuficha utaratibu wake: katika maelezo ya jalada alitahadharisha kwamba mtindo huenda usilingane na historia ya wanawake wale, bali ni jinsi yeye alivyozifikiri tabia zao kwa njia ya ala za vibao.

Ala za vibao ni zipi? Hapa hapana budi kusimama kidogo juu ya neno kinanda. Katika mashairi ya kale ya Kiswahili kinanda ni ala ya nyuzi, ndugu yake gambusi. Ogani na piano zilipokuja, neno lilelile likanyoshwa likazifunika, na hata gramafoni ikaitwa kinanda. Upana huu wa maana ni faida katika mazungumzo ya kila siku, lakini kwa santuri hii hauleti msaada, kwa sababu Wakeman alitumia vinanda vya namna nyingi, na tofauti baina yake ndiyo lugha yake. Piano hutoa sauti kwa nyundo zigongazo nyuzi. Hapsikodi, ala ya zamani zaidi, huzidonoa nyuzi badala ya kuzigonga, ndiyo maana sauti yake ni kavu na haikui wala kupungua kwa nguvu za kidole. Ogani ya Hammond, iliyoanza kuuzwa Marekani mwaka 1935, ina magurudumu madogo ya chuma yazungukayo karibu na sumaku, na umeme utokanao na mzunguko huo ndio unaogeuzwa kuwa sauti.

Vinanda viwili vyastahili maelezo zaidi. Cha kwanza ni Mellotron. Chini ya kila kibao chake pana utepe uliokwisha kurekodiwa sauti ya fidla, ya zumari au ya kwaya. Mpigaji akibonyeza, utepe huvutwa na sauti husikika. Baada ya kadiri ya sekunde 8 utepe hufika mwisho na sauti hukatika, hata kama kidole kingalipo. Basi Mellotron ina pumzi kama mwanadamu, na mpigaji hulazimika kutunga kwa kadiri ya pumzi hiyo. Cha pili ni Minimoog, sinthesaiza iliyoingia sokoni mwaka 1970. Hii hutoa noti moja tu kwa wakati mmoja, kama koo la mtu. Tena ujenzi wake wafanana mno na nadharia ya fonetiki aliyoieleza Gunnar Fant wa Sweden katika kitabu chake cha mwaka 1960: sauti ya usemi ina chanzo, yaani mtikisiko wa nyuzi za koo, na ina kichujio, yaani uwazi wa koo na kinywa ambao huzipunguza baadhi ya sauti na kuzikuza nyingine. Minimoog nayo ina vyanzo vitatu vya mtikisiko na kichujio kimoja. Mpigaji akigeuza kidude cha kichujio huku noti ikilia, msikilizaji husikia kitu kama irabu inayogeuka, kana kwamba mtu afungua kinywa. Si ajabu basi kwamba ala hii hushika mara nyingi nafasi ambayo katika santuri nyingine ingekuwa ya mwimbaji.

Sasa vitazamwe vipande vyenyewe. Upande wa kwanza una “Catherine of Aragon”, “Anne of Cleves” na “Catherine Howard”. Upande wa pili una “Jane Seymour”, “Anne Boleyn” na “Catherine Parr”. Ajuaye historia ataona mara moja kwamba mpangilio huu si wa miaka. Henry alimwoa Catherine wa Aragon mwaka 1509, Anne Boleyn mwaka 1533, Jane Seymour mwaka 1536, Anne wa Cleves na Catherine Howard wote wawili mwaka 1540, na Catherine Parr mwaka 1543. Santuri yaruka kutoka mke wa kwanza hadi wa nne na wa tano, kisha yarudi kwa wa tatu na wa pili. Sababu ni za kimuziki na za chombo chenyewe: kila upande ulipata dakika 18 hivi, na vipande virefu na vifupi vilipaswa kugawanywa sawasawa. Utungo mwingine juu ya Henry mwenyewe, “Defender of the Faith”, ulikosa nafasi. Jina lake ni cheo ambacho Papa Leo X alimpa mfalme huyo mwaka 1521, kabla ya ugomvi wao. Hivyo mume, ambaye jina lake liko jaladani, hana kipande chake mwenyewe ndani ya santuri.

Katika “Jane Seymour” kinasikika kinanda kikubwa cha mabomba cha kanisa la St Giles Cripplegate, London, kwa mtindo ukumbushao tungo za Bach, huku Minimoog na ngoma zikiingia juu yake. Jane alikufa mwezi wa Oktoba 1537, siku chache baada ya kumzaa Edward, mwana pekee wa halali wa Henry aliyeishi kumrithi. Sauti ya kanisa yaweza kusikika kama mazishi na kama ubatizo pia. “Anne Boleyn” huishia katika tenzi ya dini ya jioni iliyoandikwa na John Ellerton mwaka 1870. Anne alikatwa kichwa mwezi wa Mei 1536, zaidi ya miaka 300 kabla ya tenzi hiyo kuwako. Kihistoria ni kosa, lakini kimaana si kosa. Mwingereza aliyelelewa kanisani huyajua maneno ya tenzi hiyo kwa moyo, kwa hiyo akisikia tuni yake hukumbuka siku iliyokwisha, hata kama hakuna ayatamkaye. Hapa ala yasema neno hasa, kwa kuazima kumbukumbu ya msikilizaji. Asiyeijua tenzi hiyo hupata tuni nzuri tu.

Mfano wa kinyume ni “Anne of Cleves”, kipande chenye vurugu nyingi kuliko vyote, ambapo ngoma, besi na vinanda hukimbizana kama katika jazi. Anne huyo alifika Uingereza akijua Kijerumani tu, na mjumbe wa Henry alikuwa ameandika kwamba bibi huyo hakuweza kuimba wala kupiga ala yoyote, ila alikuwa hodari wa sindano. Ndoa yake ilibatanishwa baada ya miezi sita, naye akaishi kwa utulivu hadi mwaka 1557. Hapana kitu katika habari hizi kiongozacho kwenye kasi ile. Kama lebo ya kipande hiki ingebadilishwa na ya “Catherine Parr”, chenye ogani ya Hammond iendayo mbio vilevile, wasikilizaji wengi wasingeona tofauti.

Hoja inayotokana na mifano hii ni kwamba katika santuri hii sauti peke yake haitaji mtu. Jina ndilo litajalo, nayo sauti hupokea jina na kulipa rangi. Ni uhusiano kama ule wa jina la mtu katika lugha: sauti za “Catherine” hazina sifa yoyote ya Catherine, lakini likishapewa mtu, huwezi kulisikia bila ya kumwona. Tofauti ni kwamba muziki haupokei jina lolote kwa urahisi uleule. Kinanda cha kanisa kilimkubali Jane. Tenzi ya jioni ilimkubali Anne Boleyn. Mahali ambapo sauti ina kumbukumbu ya jamii ndani yake, jina hushika. Mahali ambapo haina, jina huelea juu.

Kuna pia jambo la haki. Wanawake hawa sita wamekumbukwa kwa karne tano kama wake wa mtu, na hata jina la santuri hii lawafunga kwa kiunganishi cha umilikaji. Lakini walikuwa na maneno yao. Catherine Parr alichapisha kitabu cha sala mwaka 1545, naye ni malkia wa kwanza wa Uingereza kuchapisha kitabu kwa jina lake mwenyewe. Catherine Howard alifundishwa kinanda katika ujana wake na mwalimu Henry Manox, na habari za mwalimu yule na mwanafunzi wake zikawa sehemu ya mashtaka yaliyomfikisha kwenye shoka mwezi wa Februari 1542. Santuri haisemi lolote kati ya haya, wala haiwezi. Iliweza kumpa kila mmoja nafasi yake na sauti yake, zaidi ya vitabu vingi vya shule vilivyowataja kwa sentensi moja. Lakini msikilizaji asidhani amesikia kauli yao. Amesikia kauli ya Wakeman.

Santuri hii ilifika nafasi ya 7 katika orodha ya mauzo ya Uingereza, na mwezi wa Mei 2009 Wakeman aliipiga yote katika jumba la Hampton Court, miaka 500 baada ya Henry kutawazwa. Safari hiyo “Defender of the Faith” nayo ilipata nafasi. Kwa watafiti wa Kiswahili, kazi iliyobaki ni mbili. Ya kwanza ni kutenga istilahi ndani ya neno kinanda, ili kidonoacho nyuzi, kigongacho nyuzi, kivutacho utepe na kitumiacho umeme kila kimoja kipate jina lake. Ya pili ni kuichunguza bashrafu kwa swali hilihili: ni kumbukumbu gani za jamii ya pwani zilizomo ndani ya maqamu zake, ambazo msikilizaji huzisikia ingawa hapana aliyezitamka?