Kuhama Ujerumani Kabla ya Wakati
Yeyote aliyepanga nyumba Ujerumani kwa mkataba usio na ukomo, kisha riziki au jamaa wakamwita kwingine ghafla, hana budi kutoa ilani ya miezi 3, iliyoandikwa karatasini na kutiwa sahihi kwa mkono wake, kwani baruapepe, hata ijae adabu namna gani, haihesabiwi. Barua iliyopokewa tarehe 1 Machi humfungua mwisho wa Mei. Iliyopokewa tarehe 10, mwisho wa Juni, maana mwezi huhesabiwa tu ikiwa barua imefika kabla ya kupita siku ya 3 ya kazi. Ama ule uvumi wa wageni, kwamba ukileta wapangaji 3 wa kushika nafasi yako umeachiliwa, hauna asili katika sheria: mwenye nyumba akiridhia, aghalabu ni hisani yake, na mapatano hayo yaandikwe, wote wawili watie sahihi.